Kuonja Si Kula

Vikombe vilianza kurudi na togwa nusu kuanzia mwezi wa tano, na Hildegarda akawalaumu madereva. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiuza togwa pale Mikumi, upande ambao malori ya Iringa huegesha, na hakuwahi kuona dereva akiacha kikombe hakijafika mwisho. Akasema labda ni baridi, watu wanataka chai. Akasema labda vijana wa siku hizi wameharibiwa na soda. Kesho yake akaongeza sukari kidogo juu ya ile ya jana, akaonja, akaona bado, akaongeza tena.

Nyumba yake ilisimama juu ya togwa ile. Marehemu mumewe alipoondoka alimwachia binti mmoja, Anitha, na togwa ndiyo iliyomsomesha hadi akapata kazi Morogoro. Basi mwanamke huyu alikuwa na kiungo kimoja cha kazi, nacho ni ulimi. Mwenye cherehani ana macho, mwenye jembe ana mgongo, yeye alikuwa na ulimi.

Na ulimi ndio uliougua.

Muuguzi wa zahanati alimwambia apanue mdomo, akamulika kwa tochi ya simu. Utando mweupe ulikuwa umetanda kama maziwa yaliyoganda. Walimpima sukari ya damu, haikuwa na tatizo, na vipimo vingine vikatoka salama.

"Ni fangasi wa mdomoni, mama. Kitaalamu tunawaita kandida."

"Kandida?" Hildegarda alishangaa. "Nimesoma na Kandida darasa la nne. Alikuwa mtoto mpole kweli."

"Huyu si mpole. Anapenda sukari. Tumia haya matone, umalize chupa, na vitu vitamu punguza. Wiki mbili urudi."

"Na ladha? Siku hizi hata chumvi siisikii. Itarudi?"

"Tutaona," alisema muuguzi, na neno hilo moja lilimtia Hildegarda hofu kuliko ugonjwa wenyewe.

Jioni akampigia Anitha. Baada ya shikamoo na marahaba, binti akaahidi kumtafutia orodha ya vyakula, na kweli orodha ikaingia kwenye simu, ndefu kama litania ya watakatifu. Usile ngano. Usile sukari, asali, soda, pombe, ndizi mbivu. Kula mboga za majani, mayai, samaki, kitunguu saumu, ndizi mbichi, brokoli.

Mwingine angeisoma akanung'unika. Hildegarda alikuwa mtu wa kuuliza kwa nini, tangu utoto, mpaka katekista wake alikuwa anamkalisha nyuma. Alichukua simu yake hadi sokoni kwa Cornel, muuza mboga.

"Una brokoli?"

"Hilo ni tunda au gonjwa?" aliuliza Cornel.

Wakakubaliana kwamba mchicha, mlenda na nyanya chungu vingetosha. Maandazi aliendelea kuwapikia wateja bila kuyagusa, na hilo lilimuuma, kwa sababu andazi la moto alilipenda. Lakini ndizi ndizo zilizomkosesha raha. Ndizi ni ileile. Ikiwa mbichi inaruhusiwa, ikiiva inakatazwa. Sasa, ndizi inaanza kutenda dhambi siku gani?

Akanunua mkungu mdogo akautundika jikoni. Kila asubuhi alikata kidole kimoja, akakitazama, akakinusa. Ulimi wake haukumwambia kitu, basi akampelekea Cornel kipande.

"Leo bado," alisema Cornel siku ya kwanza, akitema. Siku ya tatu akatafuna taratibu. "Leo imeanza, Mama Anitha." Siku ya tano alinyoosha mkono kutaka nyingine.

Hildegarda alirudi nyumbani akiwaza. Kumbe utamu haukuongezwa na mtu, ulikuwa umelala ndani ya ndizi ukisubiri. Na togwa je? Uji wa mahindi hauna utamu. Unauacha upoe hadi uvuguvugu, unatia kimea cha ulezi, unafunika, na kesho yake unaukuta mtamu bila hata punje ya sukari. Miaka yote alikuwa anaamsha utamu kwa mikono yake mwenyewe na hakuwahi kujiuliza ulitoka wapi. Alifurahi peke yake jikoni kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Wiki mbili zikaisha. Utando ulipungua, ila haukuondoka. Muuguzi akakunja uso.

"Mama, unakula nini?"

Akataja vyote, kwa majivuno.

"Na togwa?"

"Togwa sinywi kabisa. Naonja tu."

"Unaonja mara ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. Kuonja si kula, ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, Bibi Elizabeti wa Zombo, siku alipoingia kwake kama bibi harusi na kukabidhiwa chungu cha kwanza. Hata Kwaresima mpishi huonja chumvi na mfungo wake haukatiki. Angehesabu vipi kitu kisicho chakula?

Lakini swali likishaingia kwake halitoki. Kesho yake akaweka jagi la lita mbili kando ya ndoo. Kila mkono ulipotaka kupeleka togwa mdomoni, alichota kiasi kilekile akamimina kwenye jagi. Ya kuangalia kimea, ya kuangalia sukari, ya kumthibitishia mteja, ya kufunga hesabu ya moyo tu. Alasiri jagi lilifurika juu ya meza. Hildegarda alicheka sana, kisha akalitazama tena jagi. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hiyo aliifahamu tangu shule, ila hakujua ilikuwa inamsema yeye.

Akaacha kuonja. Baada ya siku nane hivi ulimi ukaanza kuonyesha wekundu wake pembeni, japo ladha ilikuwa bado mbali. Hapo ndipo ikaja sherehe ya kipaimara cha mjukuu wa Bibi Elizabeti kule Zombo, na togwa, kama kawaida, ni ya Mama Anitha.

Kupika hakukumshinda. Alipima kimea kwa konzi, akanusa, akaweka sikio juu ya ndoo kusikiliza mchemko wake mdogo. Sukari hakuweka hata chembe, maana angejuaje imetosha? Kilichomtesa ni kugawa. Ukoo ule haunywi kinywaji ambacho mgawaji hajakionja mbele ya watu, wote wakiona koo lake likipanda na kushuka. Ni kiapo kwamba hakuna ubaya ndani. Funda moja lisingemuua. Lakini angemeza asichokihisi, halafu aseme iko sawa. Shahidi gani huyo?

Jumamosi, baada ya misa, alisimama uani na kata mkononi. Watu wote walimtazama shingo.

"Ndugu zangu," alisema, "ulimi wangu unaumwa. Sisikii tamu wala chungu. Nikionja nitakuwa nawadanganya."

Shemeji mmoja akaweka kikombe chake chini polepole. Wanawake wakaangaliana. Hildegarda aliona aibu hadi masikio yakamwaka, akajua kwamba wakiondoka hivyo, kesho hata Mikumi hatauza.

Bibi Elizabeti akainuka kwenye mkeka, akajikongoja hadi kwenye ndoo, akaichukua kata mkononi mwa Hildegarda, akachota. Akanywa. Hakuonja, alinywa, koo lake la kizee likipanda na kushuka mpaka kata ikaisha. Akafuta midomo kwa kanga.

"Kunyweni," alisema, akarudi kukaa.

Vikombe vikaanza kugongana. Hildegarda akamfuata mkekani, akachuchumaa. Kwa miaka thelathini hakuwahi kumuuliza mtu swali lile.

"Mama, ikoje?"

"Hii ndiyo niliyokufundisha."

"Kwani ile nyingine?"

"Ile unayotuletea tangu Pasaka?" Bibi alishusha sauti. "Sukari tupu. Ukishaondoka tunawamwagia kuku."

Hildegarda akawakumbuka madereva wake, na vikombe vyao nusu. "Mbona hamkuniambia, mama?"

Bibi Elizabeti alimtazama kwa huruma.

"Ulikuwa umeshaonja mbele yetu, mwanangu. Tungesema nini?"

Hildegarda alitikisa kichwa. Aliinuka, akafunua ndoo ya pili, akachota kata, akampelekea Bibi Elizabeti aonje kwanza.