Zumari ya Mbaruku

Mbaruku alipiga zumari katika harusi za Bagamoyo mpaka meno ya mbele yakamtoka. Mwaka 1887 Mdachi mmoja, mkusanyaji wa vitu vya makumbusho ya kwao, akaitaka, naye akamuuzia. Lakini kwanza alichomoa kipande cha ukuti kinachotiwa mdomoni, ndicho chenye kulia, akakifunga kwenye pindo la kikoi. Wapigaji hawapeani kipande hicho. Kina mate ya mtu.

Mdachi akapuliza. Kimya.

“Mbona hailii?”

“Si waenda kuifungia kabatini?” Mbaruku alifoka. “Sauti ya nini?”

Alipofika nyumbani alikitia kinywani kile kipande, akapuliza. Mkewe, Miza, akatoka mbio uani akidhani mwewe kanyakua kifaranga.

“Hamna kitu,” Mbaruku akamwambia, akageukia ukutani.