Ndiyo Tatu Nilizompa Meneja

Saa mbili kasoro dakika kumi za asubuhi, siku ya Jumatatu, nilibisha mlango wa meneja wa kiwanda kimoja cha misumari pale Changamwe. Naikumbuka saa hiyo, mwanangu, kwa sababu king'ora cha zamu kilikuwa kikilia, nami nilisimama kungoja kimalize ili hodi yangu isikike. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa kijana, nimevaa shati la kuazima, na kichwani nimejaza Kiingereza nilichokitafuta kwa jasho langu. Niliingia na jambo moja la kusema, nikatoka bila kulisema. Nakusimulia kwa kuwa wewe nawe sasa wajifunza lugha hiyo, na nimewasikia vijana wa rika lako wakiitikia wageni kwa maneno makubwa makubwa, nikajikumbuka.

Jambo lenyewe lilikuwa la Kazungu. Kazungu alikuwa jirani yangu Mikindani na mwenzangu kazini. Mashine ya kukatia waya ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikwenda hospitali ya Port Reitz kufungwa kidonda, akarudi, akaenda tena, hata kikapona. Tulipokwenda kumpa pole aliuinua mkono ule mbele yetu akasema, "Msinililie. Vilivyobaki vyatosha kupokea mshahara." Tukacheka, lakini mkewe hakucheka. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba meneja mpya alikuwa ameanza kuuliza mtu mwenye nusu ya mkono ana kazi gani kiwandani.

Meneja huyo alikuwa Mwingereza, mgeni kabisa nchini, hajui Kiswahili hata cha salamu. Mnyapara wetu alimwogopa. Basi wenzangu wakakaa wakanichagua mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikienda masomo ya jioni. Ujumbe wangu ulikuwa mwepesi. Kulikuwa na kazi ya kupima misumari kwenye mizani na kuijaza katika makatoni. Mzee aliyekuwa akiifanya alikaribia kustaafu, na kazi ile mtu aweza kuifanya kwa mkono wa kushoto. Nilitumwa kumwombea Kazungu kazi hiyo. Hilo tu.

Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Omari, mtu wa Magongo, aliyekuwa mkalimani mahakamani kabla ya kustaafu. Baada ya Magharibi alitufundisha watu wazima katika darasa la watoto, magoti yetu yakigonga madawati. Majuma yale tulikuwa katika somo la kukubaliana na mtu katika mazungumzo. Yeye alitufundisha maneno madogo. Mtu akisema leo kuna joto, wewe wasema "Yes, it is", na yatosha. Akisema apenda samaki, nawe wapenda, wasema "So do I". Akitoa maoni nawe ukayaona ya kweli, "I think so too". Mimi maneno hayo niliyaona ya kimaskini. Nilikuwa nimenunua kitabu chakavu kwa mchuuzi wa vitu vikuukuu, nikapata humo maneno ya fahari: "I quite agree", "Absolutely", "You are perfectly right", yaani nakubali kabisa, bila shaka yoyote, umesema kweli tupu. Nikayakariri usiku na mchana. Nilikuwa kama mtu aliyepewa kanzu ya Idi akaivaa kwendea kisimani.

Meneja alinikaribisha kiti. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, wala hakuwa mkali. Kabla sijafungua kinywa alianza yeye.

Alisema mtu mwenye mkono ule hawezi kurudi kwenye mashine ya waya. Maneno hayo yalikuwa kweli. Nikainamisha kichwa kwa adabu nikasema, "I quite agree, sir."

Akanyamaza kidogo, akinitazama. Kisha akasema kiwanda hakiwezi kumlipa mtu asiyefanya kazi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Nikasema, "Absolutely."

Akanyamaza tena. Akasema labda lililo jema kwa Kazungu mwenyewe ni kurudi kwao akapumzike, asije akaumia mara ya pili. Hilo halikuwa kweli, mwanangu, na moyo wangu ulilikataa. Lakini ulimi ulikwisha kupata mwendo. Nikasema, "You are perfectly right, sir."

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu mimi sikuwa mjinga wala sikuwa msaliti. Nilifanya nilivyolelewa. Kwetu pwani hukatizi maneno ya mkubwa. Ukienda kwa mtu kuomba jambo, kwanza wayapokea maneno yake yote: naam, ni haki, umesema kweli. Wamwandalia njia. Mwenyeji naye, kwa kuwa ni mtu wa kwetu, ajua kwamba hukuja asubuhi yote hiyo kumsifu. Ajua kuna "lakini" umeikalia. Akimaliza yake akugeukia na kukuambia, "Haya, nawe wasemaje?" Hapo ndipo wasema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimeinama, nangoja kuambiwa "haya".

Meneja hakusema "haya". Alisimama, akanipa mkono, akanishukuru kwa moyo, akasema amefurahi kwamba tumekubaliana. Nikajikuta nje, mlango umefungwa nyuma yangu.

Kazungu alikuwa akiningoja langoni, mkono ameuficha chini ya shati.

"Ehe, Salimu! Imekuwaje?"

Sikujua imekuwaje. Nilikuwa nimepewa mkono, nimeshukuriwa. Nikamwambia, "Tumezungumza vizuri. Twaelewana."

"Mungu akubariki," akasema. "Mke wangu leo atalala."

Adhuhuri haijafika, karani alimwita akamwambia kazi yake imekwisha, aje mwisho wa wiki achukue haki yake. Kazungu akauliza, je, neno la mizani halikuzungumzwa? Karani akamjibu, "Mizani gani? Meneja asema hata mwenzako Salimu amekubali."

Habari kiwandani haitembei, huruka. Kufika saa za kutoka nilikuwa nimekwisha kupewa jina. "Bwana Absolutely, nipishe nipite!" "Absolutely, wasema kesho tufukuzwe sote? Kubali basi, si kazi yako?" Hayo niliyastahimili. Nisiloweza kustahimili ni Kazungu, ambaye hakunitukana. Alikuja nyumbani kwangu, akakataa kuketi, akasimama kizingitini.

"Mwenzangu," akasema, "sikuja kugomba. Nieleze tu. Ulikubali nini?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na mbele yangu alisimama mtu aliyevipoteza vidole vyake, kisha akalipia na ulimi wangu.

Jioni ile nilikwenda kwa Mwalimu Omari, si darasani bali nyumbani kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamweleza neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Ulikwenda kumsemea mtu, au kumzika?"

"Mwalimu, nilikuwa nikimheshimu. Sikutaka kumkata kauli."

"Heshima ilikutosha mlangoni. Ulipokaa kitini ulikuwa umebeba amana ya mtu."

Nikajitetea kwamba meneja hakuniuliza neno, alikuwa akisema tu yake. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Wallahi alikuuliza. Mara tatu. Si wasema alinyamaza akakutazama? Kwao kule kunyamaza ndiko 'haya, nawe wasemaje'. Alikuachia nafasi, wewe ukaijaza ndiyo. Angejuaje kama una jingine? Mzungu huyo hakukudhulumu, kijana. Alikuamini."

Kisha akanisimulia la mahakamani. Alisema siku moja mzee mmoja wa Jomvu alisomewa mashtaka, na kila sentensi mzee yule aliitika "naam, bwana", kuonyesha tu kwamba asikia, kama mtoto wa watu aliyelelewa. Hakimu alikuwa keshashika kalamu kuandika kwamba mshtakiwa amekiri. "Ikanibidi niombe ruhusa nimweleze," akasema Mwalimu. "Nisingesema, mzee angefungwa kwa adabu yake. Nimesimama miaka mingi baina ya ulimi na ulimi, na nililoliona ni hili: watu hawaumizani sana kwa matusi. Matusi yajulikana. Waumizana kwa ndiyo."

Akanifundisha upya, pale pale, yeye akawa meneja na mimi mgeni wake. Kila niliposema neno la fahari aligonga meza. "Huyo ni nani asemaye hivyo? Sema kama mtu!" Akataka nikubali kipande, si gunia zima. Akataka nikitaje kile kipande. Na baada ya kukitaja, nisitue. "But" yangu, yaani ile "lakini", ifuate papo hapo, kwa sauti ile ile ya upole. Kama nataka kumwonyesha tu kwamba namsikia, nitumie maneno ya kusikia: "I see", "I understand". Hayo hayamfungi mtu. Nilirudia hadi koo likakauka, na bibi wa nyumba akaleta maji huku akimwambia mumewe, "Mwache mwana wa watu, meza yangu yavunjika!"

Nilitaka kwenda kwa meneja kesho yake. Maji yakimwagika hayazoleki upesi, mwanangu. Meneja alikuwa amesafiri kwenda Nairobi kwa wakubwa wake, na hakuna aliyethubutu kulipindua neno lake akiwa hayupo. Alikaa mwezi mzima. Mwezi huo Kazungu aliwapeleka watoto Rabai kwa nyanya yao wapate kula, na mimi kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wake kwenda kazini, nikimkuta amekaa barazani akijifundisha kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Tuliamkiana. Hakuacha kuniamkia hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko kunyamaziwa.

Meneja aliporudi, nilibisha tena. Nilimwambia nimekuja kwa habari ya Kazungu. Akasema alidhani tumekwisha kukubaliana kwamba hawezi kurudi kwenye mashine.

"Yes, sir," nikasema. "He can't go back to that machine. I agree with you there. But he can weigh nails."

Mashine hawezi, lakini kupima misumari aweza. Nikamweleza ya mizani na mkono wa kushoto na mzee aliyekuwa akistaafu. Meneja alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mbona hukuniambia siku ile?" akauliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Nilikuwa nangoja uniulize, bwana."

Akanyamaza. Safari hii niliujua ule unyamavu ni nini, nami sikuujaza kitu. Kisha akasema polepole, "Nami nilikuwa nangoja useme."

Kazungu alianza kwenye mizani Jumatatu iliyofuata. Alipima misumari mpaka miaka ya tisini, hata kiwanda kilipofungwa, na katoni lake halikuwahi kurudishwa na mnunuzi. Siku yake ya kwanza alinipungia vidole vitatu kutoka mbali akaita, "Absolutely!" Sote tukacheka, na mara hii mkewe, aliyekuwa amemletea chakula langoni, akacheka nasi.

Mwanangu, jifunze Kiingereza, ujifunze vizuri. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nawe uliza. Lakini katika kukubaliana na watu kwa lugha ile, shika neno dogo. Rafiki akikuambia filamu ilikuwa ndefu, "Yes, it was" yatosha. Maneno makubwa yaweke kwa mambo unayoyakubali kwa moyo wote, maana ukiyatumia kwa kila kitu hutakuwa na kitu siku ya jambo kubwa. Usiseme umekubali wakati umesikia tu. Likiwa nusu ni kweli, kubali nusu na uitaje nusu yenyewe. Na mtu wa lugha ile akitua akakutazama, ujue mlango umefunguliwa. Usingoje kuambiwa "haya". Adabu zetu usizitupe. Nimekaa nazo maisha yangu yote na sijaona bora kuliko hizo. Bali ujue kwamba mgeni hakulelewa barazani kwetu, hawezi kuisikia "lakini" uliyoinyamazia. Na ukiwa umetumwa na mwenzako, kumbuka ulimi ulio kinywani si wako siku hiyo.

Mola akufungulie ulimi kwa haki na aufunge kwa upuuzi. Akupe wa kumsemea na akupe wa kukusemea, na kila utakapotamka ndiyo iwe ndiyo uwezayo kuilipia mwenyewe. Mimi sikuilipia yangu. Mwezi ule Kazungu hakufanya kazi, kwa hiyo hakulipwa, na sheria ya kiwanda haikurudi nyuma kwa ajili ya kosa la mjumbe. Nilipotaka kumrudishia Kazungu kidogo kidogo alinifumba kiganja changu kwa vidole vyake vitatu akakataa. Ndiyo zangu tatu zilimgharimu yeye mshahara wa mwezi, shilingi mia tisa na sitini.