Bafu Tulilojenga Vita Vikiwa Rumangabo

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu. Shemeji yangu Kasereka, kaka wa mume wangu, alisimama uani kwetu Katoyi, mtaa mmoja wa Goma, mikono kiunoni, akiwatazama mafundi wakiingiza karo ndani ya nyumba yangu ya mbao. Karo ni vile vigae vya kubandika sakafuni na ukutani. Barabara ya kaskazini, ile itokayo Rumangabo, ilikuwa imejaa watu wenye magodoro vichwani, na yeye alikuwa anacheka.

"Shemeki," akaniambia, "mutu gani anaweka karo wakati vita iko Rumangabo?"

"Mutu mwenye iko na mama," nikamjibu, nikaendelea kuwaonyesha mafundi pa kupita.

Wengi walicheka pamoja naye. Leo nasimulia mimi, kwa hiyo keti unisikilize.

Mama yangu alikuwa amekimbia kutoka kijijini kwake Kalengera. Vita vilimkuta shambani, akiwa anapalilia maharage, na akaondoka vilevile alivyokuwa, udongo miguuni na jembe mkononi. Lile jembe alifika nalo mpaka kwangu. Nilifurahi kumwona hai hata nikasahau jambo ambalo mwanamke wa kwetu hapaswi kulisahau: nyumba yangu ilikuwa nyumba ya mkwe wake.

Ninyi vijana wa siku hizi mnaona ni mchezo. Kwetu, mwanamke na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kupishana. Hawali sahani moja, hawakai benchi moja, na haiwezekani kabisa mkwe amwone mama mkwe akienda kuoga na beseni lake na kitenge kifuani. Sasa tazama kiwanja chetu kilivyokuwa. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na kuchimba shimo ni kuvunjika mgongo, ndiyo maana choo chetu kilijengwa juu, chenye ngazi, na anayepanda anaonekana na majirani wote. Pa kuogea palikuwa pembeni yake, mbao chache na turubai, ile tunayoiita shitingi. Njia ya kwenda huko ilipita mbele ya mlango wa sebule. Na sebuleni alikaa Kambale, mume wangu, dereva wa lori la kwenda Butembo, ambaye hakuwa na safari kwa sababu njia ilifungwa.

Kambale alikuwa mtu mwema. Kila asubuhi alitoka akaenda kukaa kwa kinyozi, eti anasikiliza redio, ili mama apate nafasi. Lakini mvua ikinyesha alirudi, na mama hakujua atarudi saa ngapi. Basi akaacha kuoga. Akawa anapangusa uso na mikono kwa kitambaa, amejifungia chumbani, na mchana kutwa anakaa kimya kitandani. Mwanamke huyo ndiye aliyenifundisha mimi usafi.

Siku moja nikamkuta anafunga vitu vyake ndani ya kitenge.

"Naenda kambini," akasema, yaani kambi ya waliokimbia vita.

"Mama, kule kambini batu banaoga nyuma ya shitingi yenye kutoboka. Utaonwa na kila mutu."

"Kule nitaonwa na batu benye sijue. Hapa nitaonwa na mukwe wangu. Afazali kule."

Nilimwomba anipe muda kidogo. Nilitoka pale nikiwa na hasira, na sikuwa na hasira na mama. Nilikasirikia vita. Vilikuwa vimemnyang'anya shamba, nyumba na majirani, na sasa vilikuwa vinamtoa hata kwa mtoto wake, na watu wote waliniambia nishukuru kwamba yuko hai. Hapana. Mimi sikushukuru.

Nikaenda kumtafuta Zawadi. Zawadi alikuwa msichana aliyesomea kupanga na kupamba nyumba, dekoratrisi kama tunavyosema, na kazi yake ilikuwa kwenye nyumba za ghorofa kando ya ziwa. Watu wa Katoyi walisema nimerukwa na akili. Dekoratrisi kwenye nyumba ya mbao, na nusu ya mtaa imeshafunga mizigo! Nilimlipaje? Hilo ni langu, na sitakuambia wewe pia.

Nilidhani atakuja na picha za mabafu ya Ulaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachagua karo za waridi zenye maua. Zawadi aliweka mkoba chini, akanitazama, akauliza, "Nani ataoga hapa? Na hataki kuonwa na nani?"

Nilimweleza yote. Hakucheka. Aliomba ruhusa akaingia kwa mama, akakaa naye muda mrefu, na mimi nikabaki nje nikisikia mama anaongea kuliko alivyowahi kuongea tangu afike. Zawadi alipotoka alikuwa na chaki mkononi. Akachora sakafuni: tutakata ukuta, bafu litabandikwa nyuma ya chumba cha mama, na mlango wake utatoka chumbani mwake mwenyewe. Dirisha litakaa juu kabisa. Na kwa kuwa maji ya bomba Katoyi yalikuja siku yalipojisikia, atatengeneza bomba pana lenye mdomo nje ya ukuta. Anayeleta maji atayamimina kutoka nje, yataingia kwenye pipa ndani, na hatamwona mtu wala kuonwa.

Karo zangu za waridi alizikataa, akasema zinateleza na mama ni mtu mzima. Tuligombana kidogo. Mwishowe mama mwenyewe akachagua za kijani zenye uso mkavu usioteleza.

Kasereka hakuchoka. Alikuja kila siku kuangalia ujinga wangu.

"Hizi karo, wenye kupigana ndio bataogea juu yake," akasema.

"Baoge," nikamwambia. "Batajua hii nyumba ilikuwa ya batu."

Unajua hao wenye vita walichokuwa wametuzoesha, mwanangu? Kuishi kama abiria wanaosubiri gari. Usipake rangi, tutakimbia. Usipande mti, tutakimbia. Unaamka mtu mzima na huna hata kitu kimoja ulichokimaliza, kwa sababu ya watu ambao hata hawajui jina lako.

Bafu lilikwisha. Zawadi alituambia tuache saruji ikauke vizuri kabla ya kulitumia. Asubuhi ile ilipokauka, ndipo mtaa wote ulipotoka mbio. Vita vilikuwa vimefika mjini, na watu walikuwa wanaelekea mpakani wavuke nchi ya jirani. Kasereka akaja anahema, godoro begani, akasema tutoke mara moja. Mizigo yetu ilikuwa mlangoni. Mama alikuwa bado amekaa kitandani.

"Nilitoka Kalengera na jasho ya shamba," akasema. "Hapa sitatoka bila kuoga."

Kasereka akapaza sauti kwamba mwanamke huyu atatuua. Woga nilikuwa nao kama kila mtu, na pipa lilikuwa tupu. Nikamtazama Kambale. Alichukua bidoni, yaani dumu la maji tulilokuwa tumelifunga kwa safari, akazunguka nyuma ya nyumba, akageuza uso wake kuelekea kwa jirani, akamimina. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mama aingie kwetu: alisema naye bila kupitia kwangu.

"Mama, maji iko," akasema ukutani. "Oga polepole. Sisi tutangojea."

Tukasikia sauti ya mama kutoka ndani.

"Aksanti, mukwe wangu."

Na akaoga polepole kweli. Tulisimama na mizigo yetu tukisikiliza maji yakianguka kwenye karo za kijani, watu wakipita mbio barabarani. Kasereka aliteremsha godoro lake, akalikalia. Mama alipotoka alikuwa amejifunga kitenge safi, ananukia sabuni, na alitembea katikati ya ule umati kichwa juu.

Mapigano yalipotulia tukarudi, na nyumba ilikuwa imesimama. Kuna watu walikuwa wamekaa ndani, sabuni ilikwisha, karo moja ilipasuka. Mama aliomba ufagio na maji. Aliishi nasi mpaka alipofariki, na kambini hakukanyaga.

Basi shika haya, mwanangu. Ukimwita dekoratrisi, anayeanza na rangi mwache aende zake. Anayeuliza nani ataoga, mpe kiti. Na usingoje vita viishe ndipo umtengenezee mama yako pa kuogea, kwa maana vita havitakuomba ruhusa kuja, nawe usiviombe ruhusa kuishi. Watakucheka. Endelea kuonyesha mafundi pa kupita.

Mungu akupe maji yasiyokatika na mlango unaofungwa kwa ndani. Akupe watu wa kukungojea bila kukuharakisha. Na ikibidi siku moja utoke, basi utoke umeoga.