Mkono wa Baba Hewani

Baba alipoacha kukosea, nilishindwa kula.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia kama nimezima jiko, na nikishaangalia narudi tena, kwa sababu huenda nilipoangalia sikuona vizuri. Shangazi yangu husema mimi huanza kulia kabla ya msiba kufika. Mtu wa namna hii hakustahili kabisa kuwa na burudani ya masikio, lakini ndiyo niliyorithi. Baba alikuwa polisi wa mawasiliano. Miaka yake yote kazini alipeleka habari kwa Morse, nukta na mistari, na alipostaafu akakata leseni ya redio ya watu wa kujifurahisha, wakati wenzake walikuwa wananunua ng'ombe. Mimi nilimfuata nikiwa mtu mzima, nina kazi yangu kwenye ghala la kahawa na nyumba ya kupanga katika maghorofa ya Bugolobi, hapa Kampala. Waya wangu wa antena umepita juu ya paa. Mlinzi wa jengo anaamini ni kamba ya nguo, na amenionya mara nyingi kwamba nimeifunga juu mno.

Baba anaishi Old Kampala na huyo shangazi, dada yake, ghorofani katika nyumba ya zamani yenye maduka chini. Kila siku baada ya swala ya alasiri tulikuwa tunakutana hewani. Yeye alituma, mimi nilipokea. Nilikuwa nautafuta mwendo wa kasi. Kuna chama cha ng'ambo kinachorusha maandishi kwa kasi ya maneno arobaini kwa dakika, na ukiyanasa bila kosa wanakupa cheti. Hakina faida yoyote cheti hicho, hakikuongezi mshahara, lakini nilikitaka kama mtoto anavyotaka baiskeli.

Kwa mwendo wa polepole sikio linasikia nukta na mstari. Ukiongeza kasi linasikia herufi. Ukiongeza tena, herufi zinapotea na neno linaingia zima, kama jina lako linavyokuingia ukiitwa katikati ya soko. Ukianza kuhesabu nukta hapo umekwisha. Na ukianza kubahatisha neno kabla halijaisha, umekwisha pia. Ndiyo maana Baba hakunisomea gazeti. Alikaa kwenye roshani yake na kunitumia yaliyokuwa yakipita chini. "Mama wa sambusa anagombana na mteja." "Watoto wa shule wametoka, mmoja amevaa kiatu kimoja." "Mbuzi ameingia duka la simu." Hakuna awezaye kubahatisha mambo ya mtaa ule.

Ufunguo wake, yaani kile kifaa cha kugongea Morse, aliutengeneza mwenyewe kwa vipande viwili vya msumeno wa chuma. Kidole gumba kikibana upande mmoja, nukta zinatoka mfululizo. Kidole cha pili kikibana upande wa pili, inatoka mistari. Kazi yote ni kuachia kwa wakati. Ukichelewa kidogo tu, nukta inazidi.

Zikaanza kuzidi. Herufi S ni nukta tatu na H ni nne, basi siku moja nikapokea kwamba duka la vitambaa "haha limefungwa", badala ya "sasa". Nilicheka. Nikadhani mzee ana furaha. Kesho yake "haha" ikarudi, na keshokutwa yake sentensi ilianza vizuri, katikati nukta zikaanza kusukumana, mwisho wake zikasongamana zote mlangoni, kisha kimya, kisha akaanza upya. Sikucheka tena. Mkono huo nilikuwa naujua kuliko sauti yake. Nilijua akiwa na njaa, nilijua akiwa na mafua, nilijua shangazi akiwa amesimama nyuma yake anamwambia chai inapoa. Huu haukuwa uchovu. Niliogopa kwamba mkono wa Baba unaugua na yeye anajua.

Ijumaa nikaenda kula kwao. Baba alikuwa amevaa kanzu, mkono wa kulia mfukoni. Alikula kwa kijiko, taratibu, yeye ambaye siku zote alikula kwa mkono. Shangazi alimmiminia chai nusu kikombe. Nikauona ule unusu, kipimo cha mkono unaomwaga.

"Baba, mukono yako iko namna gani?"

"Mukono iko sawa. Ni ile msumeno imepata kutu."

"Naweza kuitazama?"

"Kula chakula, mama. Wewe ulikuja kula ama kukagua?"

Alicheka, shangazi akacheka, nikacheka na mimi, nikarudi Bugolobi na presha imenipanda. Nikajiambia kutu ni kutu. Nikajiambia pia kwamba chuma kikishika kutu kinakwama, hakiongezi nukta. Nililala vibaya, nikaamka vibaya, nikapima kahawa ya watu vibaya.

Wiki iliyofuata mkono ukapona.

Haukupona kidogo. Ulipona wote, kwa mpigo mmoja. Nukta zilitoka sawasawa, mistari sawasawa, nafasi kati ya neno na neno sawasawa, na kasi ilikuwa palepale nilipoitaka, maneno arobaini. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilikaa na sahani ya matoke mbele yangu nikaitazama mpaka ikapoa. Nilimpigia shangazi simu.

"Ameenda hospitali?"

"Hospitali ya nini?"

"Anatuma vizuri sana."

"Banange! Mutu anatuma vibaya, unalia. Anatuma vizuri, unalia. Wewe unataka nini kweli?"

Mwezi mzima Baba hakukosea hata herufi moja, na mimi kasi yangu ilipanda kweli. Nilikuwa nanasa sentensi nzima nikiwa nimefumba macho. Lakini roho haikutulia. Siku moja alinitumia kwamba jua ni kali na mama wa sambusa amefungua mwavuli, na mimi nilikuwa nasikia radi upande wake wa mji. Nikamtetea. Mvua ya Kampala ina upendeleo, inanyesha hapa na kuruka pale. Siku nyingine alituma kwamba watoto wa shule wametoka, na ilikuwa Jumapili. Nikamtetea tena, nikasema labda ni madrasa.

Kilichonimaliza ni adabu. Redio zetu zina uwezo wa kusikia katikati ya nukta na nukta, na toka aliponifundisha, mimi nikigonga hata nukta moja wakati yeye anatuma, hunyamaza hapohapo, hata neno likiwa nusu, na kunisikiliza. Hajawahi kunipita juu. Alasiri ile kelele za hewani zilinimeza neno, nikagonga ili arudie. Akaendelea. Nikagonga tena, mara nyingi, kwa nguvu kama anayebisha mlango. Akaendelea kunieleza habari za mbuzi, kwa mwendo uleule, bila kutikisika. Baba yangu hangefanya hivyo. Aliyekuwa anatuma hakuwa mtu.

Nilivua visikizio, nikachukua boda, nikamwambia kijana akimbie, kisha nikamwambia asikimbie, kisha nikamwambia akimbie. Pale Old Kampala nilipanda ngazi bila kubisha hodi. Redio ilikuwa bado inalia sebuleni. Kando yake palikuwa na kompyuta ndogo, na kwenye kioo chake maneno ya mbuzi yakipita moja moja. Ufunguo wa msumeno ulikuwa umefunikwa kitambaa. Baba alikuwa amekaa kwenye kochi, mbali na meza. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja, na kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha pili, kinasugua, kinasugua, kama mtu anayehesabu noti zisizokuwapo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hawakujua kwamba siku hizi unaweza kuyaandika maneno yako asubuhi, herufi moja moja kwa mkono wa kushoto, ukayasahihisha, kisha alasiri ukabonyeza mahali pamoja na mashine ikakutumia bila dosari.

"Nani amekuambia?" Baba aliuliza. "Dada yangu?"

"Hakuna mutu aliniambia."

"Sasa umejua namna gani?"

"Haukuwa unakosa, Baba. Hata kidogo."

Akatazama chini. Nilikasirika sana, na hasira yangu ikitoka hutoka na machozi, haina heshima. Nilimwambia amenidanganya kila siku baada ya kutoka kuswali. Nilimwambia mwezi mzima nimekuwa nikizungumza na mashine kama mjinga. Shangazi alitoka jikoni, akaona hali, akarudi jikoni. Baba alingoja nimalize.

"Wewe ulikuwa karibu kufika," alisema. "Ile arobaini. Mimi naona mutoto anapanda, na mukono yangu inashuka. Nikituma polepole utabaki nyuma na mimi. Nikasema kale, sawa, wacha mashine isaidie mpaka apate karatasi yake."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha kuniweka wiki nzima, na yote ikaniishia mikononi. Niliizima ile kompyuta. Baadaye shangazi alituletea chai, na vikombe vyote vitatu alivijaza nusu.

Hospitalini daktari alimwambia Baba agonge kidole gumba na kidole cha pili, haraka, kwa upana. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikisikiliza. Viligonga vizuri, kisha vikaanza kusukumana, kisha vikakwama. Nilikuwa nimeyasikia hayo hewani wiki nyingi kabla. Daktari alisema ni ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, kwamba hauponi, ila vidonge husaidia, na dozi itahitaji kupandishwa na kushushwa mpaka ikae sawa. Alisema lazima tuwe tunaangalia nyumbani kama vinafanya kazi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni tofauti.

"Huyu atasikia," Baba alisema akinionyesha kwa kidevu. Daktari hakuelewa, nasi hatukumweleza.

Basi ndivyo tunavyofanya. Alasiri Baba anafunua ule ufunguo, anatuma kwa mkono wake yaliyo chini ya roshani, na akimaliza anauliza: leo je? Mimi namjibu. Yeye anaandika jibu langu, na siku ya kliniki anampelekea daktari. Kasi imenitoka. Cheti sijakipata, na sidhani nitakipata, maana sikio lililokuwa limejifunza kusahau nukta sasa linazihesabu moja moja. Linasikia kila iliyozidi na kila iliyochelewa. Saa tisa ikipita naanza kutokwa na jasho ghalani. Kuna siku natamani umeme ukatike mji mzima ili nisijue.

Vidonge vilianza vizuri. Majuma ya kwanza niliweza kumwambia "nzuri" bila shida, na siku moja nilimwambia "nzuri sana", akanijibu kwa mzaha kwamba nisimharibu. Kisha ikaja Jumanne moja. Alianza kunieleza juu ya gari lililokwama mbele ya duka la simu. Hakufika kwenye duka. Nukta zilimkimbia, akazikamata, zikamkimbia tena. Alirudia neno moja hata nikawa nasema kwa sauti chumbani, "Wacha, Baba, nimelipata, wacha." Lakini sikugonga, kwa sababu ningegonga angenyamaza, na nilijua anataka kulimaliza. Mwishowe alilimaliza. Akauliza: leo je?

Nikatuma, "Nzuri."

Nilisikia mtu wa mbali sana akiita chini ya kelele, hakuna anayemjibu. Kisha Baba akaanza, polepole mno, mwendo wa mtu anayefundishwa siku ya kwanza.

"Umesita kabla ya kutuma."

Niliweka mkono mdomoni. Sikuwahi kufikiri kwamba naye, upande wa pili, alikuwa anausikiliza wangu.

"Kama na wewe utanificha," alituma, na hapo nukta zikamzidi, akakatiza, akaanza tena, "mimi nitamuuliza nani?"

Nilitaka kuchukua simu. Kwenye simu kuna maneno mengi ya kujifichia. Kuna Inshallah, kuna usijali, kuna umekula? Simu ilikuwa hapo mezani na niliitazama. Kisha nikashika ufunguo.

"Mbaya, Baba. Mbaya kuliko jana na juzi."

"Mbaya kiasi gani?"

Nikamwambia. Nilimtajia herufi zilizomshinda, moja baada ya moja, na mahali alipokwama, na muda aliokaa kimya, yote kwa mwendo wake wa polepole ili apate kuyaandika. Machozi yalinidondoka mezani, lakini mkono wangu haukusita.