Saa ya Garsen Kwenye Bahari Isiyo na Jua

Naanza na upumbavu wangu, usije ukausikia kwa wengine ukiwa umetiwa chumvi: nilirudisha nyuma saa ya Garsen kwa amri ya nahodha ambaye hata hajui Garsen iko wapi. Na niliifanya kazi hiyo mkesha wa nikaha ya Halima, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi, baba yake mdogo, ndiye walii wake wa kumwozesha.

Kuondoka kwenyewe hakukuwa shauri langu. Mimi ni mtu wa duka na kibaraza. Nikienda Malindi kununua mali, kichwa huniuma mpaka nirudi. Lakini shemeji yangu Omari, mtu wa Kipini, ni mpishi kwenye meli ya watalii huko Ulaya, na safari hii aliruhusiwa kualika jamaa mmoja. Dada yake, yaani mke wangu, alikataa baridi. "Nenda wewe," akaniambia, "labda utarudi na hadithi mpya. Hizi tumezichoka." Nikabeba koti la mtumba zito kama godoro, na saa yangu ya mkono. Niliapa saa hiyo itabaki ya Garsen, nijue watu wangu wanakula lini na wanalala lini.

Bandarini, kaskazini mwa Ujerumani, jua bado lilikuwepo, ila la kubembelezwa. Lilichelewa kutoka, likapita ukingoni mwa mbingu kama mgeni aliyekataa kuketi, likaaga kabla chai yangu haijapoa. Tulivyozidi kupanda kaskazini, mchana uliendelea kufupika, ukirudi kama kanga mpya iliyofuliwa.

Pwani ya Norwei, siku moja jua halikutoka kabisa. Adhuhuri ilikuja buluu tu, buluu juu ya maji, buluu juu ya theluji ya milimani, na taa za nyumba zikiwaka ufukweni bila mtu kuona ajabu. Nilikula uji nikalala, nikaamka nikakuta buluu ile ile, nikala tena. Nilitembea sitahani bila kujua kama nimeamka au nimo ndotoni. Sikuona sababu ya kuuliza.

"Shemeji," nilimwambia Omari, "Adhuhuri inaswaliwa vipi, na jua halipo?"

"Twafuata nyakati za mji wa kusini wenye jua," akajibu. "Au wewe wataka kungoja mpaka litoke? Basi jitayarishe kulipa kadha nyingi."

Kwenye bandari ya mwisho ya huko simu yangu ilipata mtandao, na habari zikaingia: nikaha ya Halima imewahishwa, ni kesho kutwa, baada ya Adhuhuri. Bwana harusi ni wa Witu, na basi la Witu huondoka Garsen na msafara wa polisi. Likishaondoka, hakuna jingine mpaka kesho yake. Sheikh alitaka nimpe mtu uwakili mapema, yaishe. Halima akakataa.

"Baba mdogo, baba hayupo. Nataka niisikie sauti yako."

"Saa saba kamili," nikaapa. "Nitapiga mimi, kwa mtandao wa meli. Baharini huwezi kunipata."

Kesho yake, mezani, ikatangazwa kwamba tunavuka kuelekea visiwa vya Uingereza, kwa hiyo kila abiria airudishe saa yake nyuma kwa saa moja. Ukumbi mzima ukashika mikono yake. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa karibu nami akaelekeza kidole kwenye saa yangu, akatabasamu. Nikaona haya kuwa mkaidi peke yangu. Nikaizungusha. Nilijisikia msafiri hasa!

Asubuhi ya nikaha nilikaa dirishani na simu mkononi. Giza lilikuwa likiyeyuka polepole, kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, jua likachungulia, jembamba kama kipande cha boga. Nililitazama nikasahau hata kupepesa kope. Nilifurahi kuliona, hata lilipopanda sikuuliza saa zimekwenda kiasi gani. Saa yangu ilipogusa saa saba, nikapiga.

"Baba mdogo!" Halima alilia. "Saa nane hii! Abiria wameshaingia kwenye basi!"

Omari aliinama juu ya mkono wangu. "Shemeji! Na hii pia umeirudisha?"

Niliomba sheikh apewe simu, nikamwambia kwamba nampa uwakili amwozeshe binti wa kaka yangu. Nikamsikia bwana harusi akisema, "Nimekubali." Vigelegele vikapaa, na chini ya vigelegele, honi ya basi la Witu, likiondoka bila maharusi.

Nyumbani Garsen jua lilinipokea utosini. Nimejifunza kwamba saa ni ya anayengoja, si ya aliyeivaa. Usiku ule maharusi na wakwe walilala kwa jirani yangu Dido, Muorma mfanyabiashara wa mifugo, mzaliwa wa Bangale, na aliwachinjia mbuzi wake mwenyewe. Nilikwenda kumshukuru. Nikamsimulia ile buluu, theluji, adhuhuri isiyo na kivuli. Alisikiliza mpaka mwisho, mswaki mdomoni, kisha akautoa.

"Umepanda ndege, umepanda meli, umeenda kuangalia giza? Giza hata Bangale iko. Na mbuzi yangu ingekuwa hai."