Bafta Kwenye Mdomo wa Bomba

Siku ya kwanza kazini nilipewa spana mbili, bisibisi moja, na amri ya kukaa kimya. Ilikuwa miaka ya mwisho ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Nilitoka kwetu Vitongoji, Pemba, nimevaa kanzu, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba fundi bomba havai kanzu. Msimamizi wa Maji alinitazama kutoka kofia hadi makubadhi. Alikuwa mtu wa Unguja mjini, msafi kupita kiasi, na miwani yake ya kusomea aliivaa hata pasipo na cha kusoma.

"Hapa hukuja kuoa, Hamadi," akasema. "Kesho uje na suruali."

"Inshallah, bwana."

"Inshallah ya kuja au ya suruali?"

Nikasema ya vyote viwili. Hakucheka.

Fundi bomba wa wakati huo alishika kila kitu chenye maji ndani yake: pampu za visima, matangi, vyoo vya maofisa. Mabomba tuliyaunga kwa katani, nyuzi za mkonge. Unaizungusha kwenye meno ya bomba, unaipaka rangi nyekundu, kisha unakaza nati. Rangi ikishakauka, kiungo hicho hakifunguki ila kwa ugomvi, na mara nyingi ukikifungua hakirudi kama kilivyokuwa. Kwa hiyo Msimamizi alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi: "Kiungo kisichovuja hakifunguliwi." Niliishika sheria ile kama nilivyoishika Fatiha.

Nilipelekwa kwanza Kengeja, miezi minane, kutunza pampu ya kisima. Huko nilijifunza kuisikiliza mashine kabla ya kuifungua. Niliporudi mjini nikapewa hospitali. Sitaitaja ni ipi, waliokuwepo wanaijua.

Mashine ya kufulia ilifika ndani ya sanduku la mbao, na Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, akaja mwenyewe kuona linavyofunguliwa. Ilikuwa pipa la chuma ndani ya kabati la chuma, na mlango wa kioo cha mviringo. Maji yalitoka kwenye tangi, yakapita koki, yakaingia mpira mnene, kisha vali. Vali ni kijilango kidogo kinachofunguliwa na koili, nayo koili ni waya uliozongwa ambao ukipitwa na umeme huvuta chuma kama sumaku. Mlango wa kioo nao una swichi yake. Usipofungwa barabara, umeme haufiki kwenye koili na maji hayaji. Umeme wenyewe tuliupata kwenye injini iliyokuwa nyuma ya jiko la hospitali.

Madobi walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa Mzee Faki, mtu mfupi, mikono imechunika kwa sabuni, watoto sita, na mkarafuu hana hata mmoja. Karafuu zilipozaa vizuri wengine walijenga. Yeye alikuwa na mshahara wake wa udobi, basi. Metroni alikwisha kutangaza kwamba mashine ikizoeleka madobi wawili watatosha. Hakusema wepi.

Mzee Faki aliizunguka mashine mara moja, akasema mbele ya watu wote, "Kitu kino chazungusha maji yale kwa yale. Nguo ya damu haitohariki hivo, haisaliwi. Yataka maji matatu, yapite juu yake."

"Utakwenda kufua baharini?" akauliza Msimamizi.

"Mie nimesema tu, bwana."

Adhuhuri Msimamizi alikwenda kula, akaniachia kufunga mpira wa maji. Nilifungua koki kwanza, na yaliyotoka yalikuwa maji yenye kutu na udongo. Kwetu hakuna nyumba inayokunywa maji bila kuyachuja. Mdomo wa mtungi hufungwa kitambaa, mdomo wa bomba hufungwa kitambaa, na bibi yangu alikuwa akimwona asiyefunga kama mtu aliyekosa malezi. Niliitazama mashine ile mpya na roho ikaniuma kuinywesha tope. Nikamwomba Mzee Faki kipande cha bafta, kitambaa chepesi cheupe cha pamba. Akakichana kwenye shuka iliyochakaa, akakikunja mwenyewe.

"Kunja mara mbili," akasema. "Wadudu wasipite."

Nikakifunika kwenye mdomo wa mpira, nikakaza nati na katani na rangi juu yake. Msimamizi aliporudi sikumwambia. Haikunipitikia kwamba ni jambo la kuambiwa mtu. Hakuna anayetoa taarifa kwamba amefunika chungu.

Mashine ilifanya kazi vizuri mpaka masika. Mvua zilipochanganya, maji ya tangini yakawa mekundu, na pipa likaanza kujaa polepole. Nilidhani tangi limepungua. Jumatatu moja maji hayakuja kabisa. Mashine ikanguruma, pipa kavu.

Nilianza na koki: nzima. Nikafungua bomba la ndoo lililo kando yake: maji tele, kwa hiyo tangi halina kosa. Nikatazama mpira kama umejikunja: haukujikunja. Nikapima umeme kwenye koili: upo, na vali inagonga kama inavyotakiwa. Nikaondoa swichi ya mlango, nikaisugua, nikairudisha. Sikugusa kiungo cha mpira. Kilikuwa hakivuji, na nilikifunga mimi. Siku mbili nikazunguka hapo hapo, huku shuka za wagonjwa zikirundikana na madobi wakirudi kwenye mabeseni. Metroni alipita kila saa, akizihesabu.

Jumatano Msimamizi akaja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maji yapo, umeme upo, mashine nzima," akasema. "Basi pana mkono wa mtu. Nani aliyeikataa mashine hii?"

Hakungoja jibu. Mzee Faki akaitwa, akaja anajifuta povu.

"Umefanya nini kwenye mashine?"

"S'jaigusa, bwana."

"Hukusema haitoharishi?"

"N'lisema. Na leo nasema. Kusema si kuharibu."

Msimamizi akamwambia aende nyumbani, asirudi mpaka aitwe. Mzee Faki alivaa makubadhi yake, na aliponipita alinitazama kidogo. Nikadhani anataka nimtetee. Nilimwonea huruma, lakini nikainamia mashine.

Alhamisi asubuhi nilikuwa peke yangu na sina pengine pa kutazama. Nikavunja sheria, nikafungua kiungo. Bafta ilikuwa palepale, nyekundu, imeganda tope tupu. Hata tone lisingepita. Niliijua mara moja: niliifunga mwenyewe, nikaisahau. Nikaitoa, nikafunga upya, maji yakaingia kwa kishindo. Bafta nikaitia mfukoni.

"Yalikuwa matope, bwana," nikamwambia Msimamizi. Halikuwa neno la uongo.

"Na matope yaliingiaje kwenye kiungo kilichofungwa? Huyo mzee alikichokoa. Jumamosi napeleka barua aachishwe."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Nilikuwa nimeposa, nilikuwa nimeipenda kazi, na niliogopa. Nikasema, "Ndiyo, bwana," nikaenda zangu. Nimefanya makosa mengi ya ufundi, na mengine yalimwaga maji ndani ya nyumba za watu. Hakuna linalonitia haya kama "ndiyo" ile.

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Faki alinikuta msikitini natafuta viatu vyangu. Akanipa mkono.

"Maji yaja?"

"Yaja, Mzee."

"Alhamdulillahi." Akaninong'oneza, "Na ile bafta, umeiosha?"

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake.

"Ulikumbuka," nikasema. "Mbona hukumwambia?"

"Ningalimwambia mbele za watu, ungaliaibika weye. Aibu ya mtu haifunuliwi, yakhe. Huifunua mwenyewe."

"Na kama nisingefungua kiungo?"

"Weye si fundi?" akasema, akaenda zake kwa watoto wake, akiwa bado hana kazi.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Msimamizi, nikaiweka bafta mbele yake.

"Nani aliyeitia?"

"Mimi, bwana. Siku ile mashine ilipofungwa."

"Na jana ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nikijua."

Akavua miwani; sikuwahi kumwona bila miwani. "Bafta ni ujinga, na ujinga husamehewa," akasema. "Hili la jana si langu kulisamehe. Kamwombe radhi Mzee Faki mwenyewe."

Jumamosi Mzee Faki aliitwa kazini. Hakupunguzwa, na nasikia kila shuka ya damu iliyotoka kwenye mashine ile aliisuuza tena kwa maji matatu, Metroni apende asipende. Mimi nilihamishiwa Micheweni kwenye visima vya mawe. Nilipewa siku moja ya kufunga mizigo, nikaifunga taratibu ili isinibakie saa ya kupita kwa Mzee Faki. Nilijiambia nitampitia wakati wa likizo. Likizo mbili zikapita. Ya tatu nilimkuta ameshavikwa sanda. Mmoja wa jamaa zake alisimama akawaomba watu wamsamehe marehemu. Nilisimama nyuma kabisa, maana mimi nilikuwa na haja ya kinyume cha hiyo.

Sasa nimestaafu. Mafundi vijana huniuliza waanzie wapi mashine isipojaa maji. Nawaambia koki, mpira, kichujio, vali, mlango. Lakini kabla ya hivyo vyote, tazama pale mkono wako mwenyewe ulipopita. Wanadhani nawafundisha mabomba.

Bomba la uani kwangu lina bafta, imekunjwa mara mbili. Kila Ijumaa baada ya sala naifungua na kuiosha. Mke wangu husema Ijumaa si siku ya kazi. Namwambia kuna mtu aliniuliza kama nimeiosha, na siku ile sikumjibu.