Aliyekula Usingizi wa Suhaib

"Huvuki kizingiti hicho, Najma! Siku ya thelathini na moja leo, arobaini bado, unataka kwenda kusimama mlangoni kwa watu na tumbo lako bichi?"

"Nipishe, mama. Leo huyo jirani anieleze kamfanya nini mwanangu."

Bi Tabu aliuziba mlango kwa mwili wake wote, na mwili wenyewe si wa mzaha. Kwao Mtoni walikuwa wakisema akikaa benchi upande huu, wa upande ule wanapaa. Mjukuu wake Suhaib alikuwa kifuani pake, kafungwa kwa kanga, anapumua kama hakuna lililotokea.

Na lilikuwa limetokea. Asubuhi hiyo Najma alikuwa ukingoni mwa kitanda ananyonyesha, usingizi ukamchukua palepale. Mtoto akateleza mapajani, akadondokea kwenye rundo la nguo za kufua. Salama. Alilia kidogo, akanyamaza. Lakini sentimita chache kando ya rundo lile palikuwa na sakafu ya saruji, na Bi Tabu alipomwokota aliitazama sakafu hiyo mpaka macho yakamuuma.

"Wiki mbili sijapata lepe la usingizi," Najma alisema. Macho yalikuwa yamemwiva. "Baba Suhaib juzi kapigilia msumari kidole chake mwenyewe pale kiwandani. Mtoto usiku macho kodo mpaka adhana ya alfajiri! Hilo jicho la Mama Clara. Si wewe mwenyewe uliniambia?"

Ndiyo, Bi Tabu alimwambia.

Mama Clara ni jirani, jina lake Demetria, mtu wa Marangu, ukuta wake na wao mmoja hapo Tabata. Suhaib alipotimiza siku kumi alikuja kumwona, akapiga makofi: "Jamani, katoto kanene hivi!" Basi. Mashallah hakusema, kwa sababu kwao haisemwi, wala hakukuwa na aliyemfundisha. Mtoto alipoanza kukesha na Najma kuuliza sababu, Bi Tabu alihitaji pa kuitupia lawama, akaitupa huko. Akanogesha na habari ya mwanamke wa Kisarawe aliyeusifia mpapai wa jirani: mapapai yote yakaanguka siku ileile, mpaka yaliyokuwa bado maua. Na mwenye mpapai akaanguka pia, alikuwa juu anachuma.

Mchana Najma alicheka. Usiku, mtoto analia, akaamini.

Tangu siku hiyo, mtori ambao Demetria analeta kila mchana kwenye hotipoti, maana kwao mzazi hulishwa ndizi na nyama mpaka anawiri, Najma anaumwaga nyuma ya choo. Kisha anaiosha hotipoti, anairudisha na ahsante. Bi Tabu huona mtori ule ukichuruzika na vipande vya nyama ndani yake, akageuza uso.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi, hauna mpapai. Nesi wa kliniki alisema: mtoto huyu hajui bado mchana ni upi na usiku ni upi, mumfundishe taratibu. Mchana fungueni mapazia, zungumzeni naye, asilale mfululizo, mwamsheni anyonye. Usiku taa ndogo, maneno machache, anyonye alazwe chali kitandani kwake kabla hajapotea kabisa usingizini.

"Kulala kunafundishwa?" Bi Tabu alidakia palepale mbele ya nesi. "Basi na kupiga chafya mtamfundisha!"

Kazi ya mchana akapewa yeye, ili Najma ajinyooshe. Akamchukua mtoto uani. Na pale uani, saa tatu asubuhi mpaka alasiri, alimfunga kifuani, akamfunika uso kwa kanga, akamwimbia, mtoto akalala fofofo. Akizinduka alimkimbiza kwa mama yake anyonye chumbani gizani, akarudi naye, akamwimbia tena. Jioni Najma akiuliza mtoto kashindaje, hadithi ilikuwa tayari. "Kashinda macho huyu! Ndege imepita kwenda uwanjani, kaikodolea mpaka rubani kapunguza mwendo." Siku nyingine Suhaib alimtazama jogoo, jogoo akaomba radhi. Najma alicheka mpaka akashika mshono. Bi Tabu naye akajiona kafanya jambo.

Maisha yake yote alikuwa akitunga, na hakuwahi kumdondosha mtu.

"Mama, nipishe."

"Si jicho, Najma."

"Ni nini basi?"

"Ni mie."

Najma akasimama, mkono kwenye kitasa. "Wewe umefanyaje?"

"Analala mchana kutwa. Hapa kifuani pangu. Rubani hakupunguza mwendo, mwanangu. Suhaib hajawahi kuiona ndege, hajui hata mbingu ina rangi gani." Alitaka kucheka, akaacha. "Anamaliza usingizi wake wote kwangu. Kwako anakuja kashiba."

Uani mtu aliburuta ndoo.

"Mie najiona mama mbaya," Najma alisema polepole. "Nakaa pale usiku nasema wenzangu wanaweza, mie nimeshindwa nini. Wewe unanisikia ninavyolia. Chumba ni hichohicho, mama. Unanisikia."

"Nakusikia."

"Na unalala?"

"Silali. Najifanya."

Hilo ndilo lililomliza Najma, bila sauti, machozi tu. Bi Tabu akafungua fundo la kanga, akamlaza Suhaib kitandani, chali, kama nesi alivyosema. Akavuta pazia lote. Jua likamwangukia mtoto miguuni. Akakunja uso, akapiga chafya, akafumbua macho.

"Kwa nini, mama? Nimekukosea nini?"

Bi Tabu akarudi kuuegemea mlango, akatafuta hadithi. Maishani hajawahi kukosa. Akakuta chumba chake cha Mtoni tu, kitanda kimoja, sufuria moja, na siku tisa zilizobaki kabla ya kufungiwa mizigo yake na kuambiwa ahsante mama, sasa tunaweza wenyewe. Mtoto anayelala usiku hahitaji bibi.

"Najma," akaanza, "arobaini ikiisha, mie…"

"Hodi humu! Mzazi yupo?" Mlango ukasukumwa, ukamgonga Bi Tabu mgongoni. Demetria akaingia na hotipoti mikononi, mvuke unachungulia kwenye kifuniko. "Shikamoo, bibi. Heh, mbona mmenyamaza? Nimewakatiza?"

Najma akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akainyooshea hotipoti mikono miwili. "Mama, niletee kijiko," akasema.